Kuchagua na kuendesha swichi ya mpigo wa ampea 1,000

Swali la msomaji: "Nina kapasita nne za 120 µF, 450 V, nimeziunga sambamba na ninazichaji hadi volti 400. Nataka kuumwaga umeme huo kwenye koili ya 50 µH ili kutia usumaku vipande vidogo. Ukinzani wa njia nzima, yaani koili, nyaya na kapasita, nimeupima unakaribia omu 0.1. Swichi niliyotumia ni IGBT (transista ya mikondo mikubwa) ya 650 V, ampea 60. Geti, yaani mguu wa amri, naliwasha kwa optokapla (kifaa kinachopitisha amri kwa mwanga) kutoka volti 12 kupitia resista ya kilo-omu 1. Zimeshakufa tatu, zote kwenye mpigo wa kwanza. Rafiki yangu ananishauri niweke MOSFET (aina nyingine ya transista) kumi sambamba. Je, ndiyo njia? Na geti niliendesheje?"

Usinunue MOSFET kumi kwanza. Kwa kazi uliyoieleza, thairista moja ya ukubwa wa kawaida (swichi ya silikoni ambayo ikishawashwa haizimi mpaka mkondo uishe) pamoja na diodi moja nzito (kifaa kinachopitisha mkondo upande mmoja tu) vinatosha, na vitadumu. Lakini nikikutajia kifaa tu nikaishia hapo sitakuwa nimekusaidia, kwa sababu kesho utabadilisha koili au volti na maswali yatarudi yaleyale. Tuanze na hizo IGBT tatu. Namna zilivyokufa inaeleza karibu kila kitu unachohitaji kujua.

Kwanza tuujue mkondo wenyewe. Kapasita ikimwagwa kwenye koili, kilele cha mkondo, kama pasingekuwa na ukinzani wowote, ni volti ulizochaji ugawe kwa kipeuo cha pili cha L (ya koili) gawanya kwa C (ya kapasita). Kwako L ni 50 µH na C ni 480 µF. Kipeuo chake ni omu 0.32, na volti 400 ukigawa kwa hiyo unapata ampea 1,240. Ile omu 0.1 inapunguza kilele hadi takribani ampea 990, na kilele hicho kinafika mikrosekunde 220 baada ya kuwasha. Nishati iliyomo kwenye kapasita ni juli 38. Mkondo unaanza kupanda kwa kasi ya V gawanya kwa L, yaani ampea 8 kwa kila mikrosekunde. Iweke hiyo 8 akilini, tutairudia mara nyingi.

Sasa fuatilia kilichotokea ndani ya IGBT yako. Geti la IGBT ya ukubwa huo linahitaji chaji ya nanokulombi 200 au 250 hivi mpaka liwake kikamilifu. Resista yako ya kilo-omu 1 inaanza kwa kuleta miliampea 12, na geti likifika volti 7 hivi, pale linapoganda kwa muda kabla ya kuendelea kupanda, zinabaki miliampea 5 tu. Kwa mwendo huo geti linachukua zaidi ya mikrosekunde 35 kujaa. Wakati huo mkondo wa koili haukusubiri: katika mikrosekunde ya 35 umeshafika ampea 280, na swichi bado iko nusu njia.

Hata geti lingejaa upesi, lingeishia volti 12, na kila IGBT ina kikomo cha mkondo inaoweza kupitisha kwa volti fulani za geti. Tuseme kwa volti 12 kikomo cha yako ni ampea 300. Koili inafika hapo katika mikrosekunde ya 37. Baada ya hapo transista inakataa kupitisha zaidi, mkondo unaacha kupanda, na koili ambayo mkondo wake haupandi haishiki volti. Volti zote zilizokuwa juu ya koili zinahamia juu ya swichi. Kapasita bado ina volti 388 hivi, ukinzani wa njia unakula 30, kwa hiyo IGBT inabaki imebeba ampea 300 huku volti zaidi ya 350 zikiwa zimeilalia. Hizo ni kilowati 105 kwenye kipande cha silikoni.

Kipande chenyewe ni kidogo mno. Chukua chipu ya milimita 6 kwa 6, unene sehemu ya kumi ya milimita. Silikoni huhifadhi joto la milijuli 1.6 hivi kwa kila milimita ya ujazo kwa kila digrii, kwa hiyo chipu nzima inahifadhi karibu milijuli 6 kwa digrii. Juli moja ikiingia humo kabla joto halijapata nafasi ya kutoka, chipu inapanda digrii 170. Kilowati 105 huleta juli moja kila mikrosekunde 10. Katika mikrosekunde 30 umepandisha joto digrii 500, na bado mpigo uko mbali na kilele. Ndiyo maana karatasi za data za IGBT huandika kwamba inavumilia shoti kwa mikrosekunde 5 au 10 tu. Namba hiyo haikutoka hewani. Ni hesabu hii hii.

Kwa hiyo swali la kwanza kumuuliza kifaa chochote cha mpigo ni hili: ampea zangu zikiwa zinapita, volti ngapi zitabaki juu yake? Zikibaki volti 3, hata ampea 1,000 ni kilowati 3 kwa sehemu ndogo ya milisekunde, na hakuna kitakachotokea. Zikibaki volti 350, hakuna ukubwa wa kipoza joto utakaokuokoa, maana joto halitakuwa limefika kwenye kipoza joto kabla chipu haijayeyuka. Watu wengi huongeza alumini nene wanapoona swichi zinapasuka. Katika mipigo ya chini ya milisekunde moja, alumini hiyo haijui hata kwamba kuna kitu kimetokea.

Na ile "ampea 60" iliyoandikwa kwenye kifaa? Hiyo ni namba ya joto la kudumu: mkondo unaopita saa nzima, kasha likiwa limeshikiliwa kwenye joto fulani. Kwa mpigo mmoja wa mikrosekunde 200 karibu haina maana, si kwa uzuri wala kwa ubaya. Unachotaka ni michoro miwili iliyomo ndani ya karatasi ya data. Mmoja unaonyesha mkondo dhidi ya volti za kolekta kwa volti mbalimbali za geti. Tafuta mstari wa volti 15, uone unaanza kulala wapi; mahali unapolala ndicho kikomo, kama zile ampea 300 za volti 12 nilizotaja. Mkondo wako wa kilele lazima uwe chini kabisa ya hapo, kwenye sehemu ambayo mstari bado unapanda wima. Mwingine ni ule wa ukinzani wa joto wa muda mfupi. Ingia na urefu wa mpigo wako, usome digrii kwa wati, uzidishe kwa wati zilizobaki kwenye swichi, utapata chipu inapanda digrii ngapi. Katika eneo la mipigo mifupi joto hufuata kipeuo cha pili cha muda: mpigo ukirefuka mara nne, digrii zinaongezeka mara mbili. Kanuni hiyo ndogo hunisaidia zaidi ya programu yoyote ya kompyuta.

Sasa uchaguzi. Swali linaloamua ni moja: je, unahitaji kuzima katikati ya mpigo? Kwako jibu ni hapana. Unamwaga kapasita hadi iishe, na mkondo unakwisha wenyewe. Kwa kazi ya namna hiyo thairista haijapata mpinzani tangu wahandisi wa General Electric nchini Marekani walipoitoa mwaka 1957. Haina kikomo kama cha IGBT. Ikishashika, kadiri unavyoilazimisha ipitishe mkondo, ndivyo inavyojaa chembe za umeme ndani yake, na volti zinapanda polepole tu, 2, 3, labda 4 kwa ampea 1,000. Haiwezi kujifunga katikati na kuziacha volti 350 zimeilalia. Mwenye haraka ya kujenga kitu kinachofanya kazi aanzie hapo.

Tufanye hesabu yake kwa njia fupi. Chaji yote itakayopita kwenye thairista, ukiwa umeweka diodi ninayoieleza hapa chini, haizidi C mara V, yaani kulombi 0.19. Zidisha kwa volti 3 zinazobaki: juli 0.58. Chipu ya thairista ya ampea 70 hivi ni kubwa na nene, tuseme milimita 10 kwa 10 kwa 0.35, inahifadhi karibu milijuli 57 kwa digrii. Inapanda digrii 10. Linganisha na digrii 500 za mwanzo, ilhali koili ni ileile na kapasita ni zilezile.

Kwenye karatasi ya data ya thairista utaona mkondo wa dharura kwa nusu wimbi la milisekunde 10, na chini yake I²t, yaani mkondo uliozidishwa kwa wenyewe, mara muda. Hapo wengi huteleza. Thairista yenye ampea 1,000 za dharura ina I²t ya 5,000. Mpigo wako ukiuacha uzunguke nusu wimbi zima una 240 tu. Mtu anaona nafasi ya mara 20 na kufurahi. Lakini I²t haibaki vilevile muda unapofupika, kwa sababu joto halipati nafasi ya kusambaa. Tumia kipeuo cha muda badala ya muda wenyewe: ampea 1,000 za milisekunde 10 zinakuwa takribani 2,100 kwa nusu milisekunde. Mkondo wako wa 990 uko chini ya nusu ya hapo, na ni sawa. Tena kumbuka namba ya dharura ni ya ajali, kitu kinachoruhusiwa mara chache katika maisha ya kifaa. Kwa mipigo ya kila siku mimi huchagua yenye 1,500 na kuendelea, kwa sababu kila mpigo unaivuta na kuiachia nyaya nyembamba za alumini zilizoungwa juu ya chipu. Ukipunguza badiliko la joto kwa nusu, nyaya hizo zinaishi mara nyingi zaidi, si mara mbili tu.

Kwa volti, chukua ya 800 au 1,200. Kwako 600 ingetosha kwa hesabu, lakini tofauti ni ndogo na amani ni kubwa.

Adui wa kweli wa thairista ni kasi ya mkondo kupanda. Unapoliamsha geti, chipu haiwaki yote kwa pamoja. Inawaka kipande kidogo kando ya geti, halafu eneo linaloongoza linatambaa kama moto kwenye nyasi, sehemu ya kumi ya milimita kwa mikrosekunde, mara nyingi chini ya hapo. Mkondo ukipanda haraka kuliko moto unavyotambaa, wote unajibana kwenye kile kipande kidogo. Niliwahi kufungua thairista iliyokufa hivyo na kuiweka chini ya lenzi: chipu nzima iling'aa kama mpya, isipokuwa tundu moja jeusi la ukubwa wa kichwa cha pini, limegusana na geti. Asilimia 99 ya silikoni haikuwahi kufanya kazi hata siku moja.

Karatasi ya data itakupa kikomo, mara nyingi ampea 100 au 150 kwa mikrosekunde. Wewe una 8. Koili yako inakulinda, na kwa upande huo umebahatika. Ila usije ukaijaribu swichi bila koili, kwa kufunga waya mfupi badala yake "kuona kama inawaka". Waya wa nusu mita una nusu µH hivi. Volti 400 juu yake ni ampea 800 kwa mikrosekunde, na jaribio hilo moja linaua thairista ambayo ingeishi miaka.

Geti la thairista liendeshe kwa nguvu hata kama karatasi inasema miliampea 50 zinatosha. Hizo 50 ni za kuiamsha tu. Kwa mpigo mkubwa mpe mara tano hadi kumi au zaidi, zikifika ndani ya mikrosekunde moja, ili eneo la kwanza kuwaka liwe pana. Mimi hutumia mzunguko huu: kapasita ya 2.2 µF iliyochajiwa hadi volti 15, MOSFET ndogo inaimwaga kwenye geti kupitia resista ya omu 12. Unapata kilele cha ampea 1 hivi, kinachofifia kwa mikrosekunde 26, muda mrefu kuliko koili yako inavyohitaji kufikisha mkondo wa kushika, yaani ule unaoifanya thairista ibaki imewaka yenyewe. Hakikisha ampea hiyo haivuki kilele cha geti kinachoruhusiwa na kiwanda. Kati ya geti na kathodi (mguu ambao mkondo hutokea) weka resista ya omu 100, isije kelele ya chaja ikaiamsha peke yake. Na waya wa kurudi wa kiamshi ufunge kwenye mguu wa kathodi wenyewe, si sehemu nyingine ya shaba nene. Shaba hiyo ikibeba ampea 1,000, hata sentimita 10 zake zinaonyesha volti moja au mbili kati ya ncha na ncha, na volti hizo zitaingia moja kwa moja kwenye geti au kwenye kompyuta ndogo inayotoa amri.

Sasa diodi niliyoitaja. Bila hiyo, koili haiachi mkondo kapasita zinapoisha. Inausukuma uendelee na kuzichaji kapasita kinyume. Kwa namba zako, nusu wimbi likiisha kapasita zitakuwa na volti 244 kwa upande wa nyuma. Kapasita zako kwa ukubwa huo bila shaka ni za elektroliti, na aina hiyo haivumilii kugeuzwa zaidi ya volti moja hivi. Zitavimba, zitapasua valvu zao, na siku hiyo usiwe umeinama juu yake. Weka diodi moja kwa moja kwenye ncha za koili, ikitazama kinyume cha volti za kawaida. Mara tu baada ya kilele, mkondo unahama kutoka kwenye thairista na kuzunguka kati ya koili na diodi hadi ufe. Thairista inapumzika mapema, na vipande unavyotia usumaku vinapata mkondo wa upande mmoja tu, jambo unalolitaka.

Usiweke diodi ndogo hapo. Inapokea karibu ampea zote za kilele na kuzibeba kwa milisekunde moja au mbili, muda mrefu kuliko swichi. Iwe na mkondo wa dharura sawa na wa thairista au zaidi. Haihitaji kuwa ya kasi; diodi ya kawaida ya kugeuza umeme wa gridi inafaa kabisa, kwa sababu mkondo wake unakufa wenyewe taratibu na hakuna anayeigeuza ghafla.

Jambo moja zaidi la thairista ambalo huwachanganya watu: mpigo umekwisha, lakini kapasita hazichajiki tena. Chaja yako inaendelea kuleta mkondo, na thairista haizimi mpaka mkondo ushuke chini ya kiwango cha kushikilia, ambacho ni makumi ya miliampea na hupungua chipu ikiwa ya moto. Izime chaja kabla ya kufyatua, uiwashe milisekunde kadhaa baadaye.

Nirudi kwa rafiki yako na MOSFET zake kumi. Hajakosea kabisa. MOSFET ya 650 V yenye miliomu 40, ikipewa ampea 100, inabaki na volti 4 ikiwa ya baridi na karibu 8 ikiwa ya moto, na hilo inaliweza. Ukinzani wake unaongezeka na joto, kwa hiyo zikiwa zimewaka zote zinagawana kwa haki: iliyo ya moto inapunguza, ya baridi inachukua. Kwa koili yako hata kuwaka si tatizo, maana mkondo unaanzia sifuri na ndugu aliyechelewa ana muda wa kufika. Shida iko kwenye kuzima. Hakuna MOSFET mbili zenye volti za kuamkia zinazofanana, na ile ya mwisho kuzima inarithi mzigo wa wenzake tisa. Ampea 1,000 kwenye chipu moja, hata kwa nanosekunde 100, ni jambo zito. Ukilazimika kufanya hivyo, kila geti lipate resista yake ya omu 3 hadi 5, nyaya za kila moja ziwe na urefu uleule, na dreva, yaani saketi inayolisha geti, iwe moja ya ampea kadhaa, iliyo karibu.

Lini utalazimika? Ukitaka kukata mkondo ukiwa juu, kwa mfano kutumia kapasita kubwa na kuchukua kipande tu cha chaji yake ili kila mpigo uwe na urefu unaoutaka. Hapo thairista haikufai, na kwa volti 400 ningechukua moduli ya IGBT kuliko rundo la MOSFET. Chagua ambayo mstari wake wa volti 15 unapita ampea zako bila kulala. Geti lipate volti 15 hadi 18. Kikomo cha kiwanda mara nyingi ni 20, kwa hiyo funga zena (diodi inayozuia volti zisizidi kiwango) kati ya geti na emita. Dreva itoe angalau ampea 2, ambazo hujaza nanokulombi 250 kwa nanosekunde 125. Geti la moduli ni zito zaidi, nalo litajaa ndani ya mikrosekunde moja au mbili hivi. Flashi za kamera zimefanya hivi miaka mingi, IGBT ndogo ya 400 V ikibeba mipigo ya ampea 130 au 150, na siri yake yote ni kwamba ilitengenezwa isilale kwenye mkondo huo.

Kuzima ndiko kunakohitaji utulivu. Kila sentimita ya waya ni nanohenri 10 hivi, na njia kutoka kapasita hadi swichi na diodi ikiwa na nanohenri 100, kukata ampea 1,000 kwa nanosekunde 200 kunazalisha volti 500 juu ya zile 400 zilizopo. Swichi ya 650 V imekwenda. Ikate kwa mikrosekunde moja badala yake, ziada inakuwa volti 100, na gharama ni joto la robo juli au zaidi kidogo ndani ya moduli, ambalo inalimudu. Kwa hiyo resista ya kuwashia iwe ndogo na ya kuzimia iwe kubwa, kila moja na diodi yake ndogo. Kisha bana nafasi: bamba mbili pana za shaba zilizolalia pamoja zikitenganishwa na karatasi ya kuhami, si nyaya mbili zilizoachana. Kapasita ya filamu ya µF 1 au 2 iwekwe kwenye miguu ya moduli na diodi. Katika kazi za namna hii nimeona mpangilio wa shaba ukiokoa swichi nyingi kuliko uchaguzi wa swichi yenyewe.

Kwa volti ndogo mambo yanageuka. Mashine ya kuchomelea seli za betri, volti 12 na ampea 1,500, ni mahali pa MOSFET za 40 V zenye miliomu moja, kadhaa sambamba. Hapo mwuaji mkubwa ni umeme wa dreva: betri inayotoa ampea 1,500 inazama kutoka 12 hadi 6, na kama dreva inakunywa kutoka betri hiyohiyo, geti linapungukiwa volti katikati ya mpigo na MOSFET inaangukia nusu njia, kama IGBT zako. Diodi moja na kapasita ya µF mia kadhaa kwenye mlango wa dreva vinatatua. Kisha nyaya ndefu zenye µH moja zinabaki na juli moja ya nishati unapokata, nayo lazima ipewe diodi ya kuzungukia. Upande mwingine kabisa, mipigo ya nanosekunde ya leza ya kupimia umbali, ndiko transista za galiamu naitraidi zinatawala. Geti lao linataka volti 5 na halivumilii 6 na ushei, na nanohenri moja tu ya waya inaharibu kila kitu. Huko usiende kabla hujaizoea hii ya kwanza.

Kabla hujapandisha hadi volti 400, anza na 50. Mkondo unafuata volti, kwa hiyo utapata ampea 124 hivi na umbo lilelile. Tia shanti (resista ndogo ya kupimia mkondo) ya miliomu 1 kwenye njia, itakupa milivolti 124, na probu ya pili iweke juu ya swichi. Utaona mkondo ukipanda kama kilima laini, kilele kwenye mikrosekunde 220, na volti za swichi zikianguka hadi mbili au tatu na kulala hapo. Macho yako yawe kwenye mstari huo wa pili. Panda hatua kwa hatua, 100, 200, 300, ukiangalia kama unaanza kuinuka kabla ya kilele. Ungefanya hivyo na IGBT yako ya kwanza, kwenye volti 150 hivi ungeuona ukipinda juu kama mkia wa ng'e, na ungeacha hapo huku kifaa kikiwa bado kizima. Uardhi wa osiloskopu funga kwenye kathodi tu, na thairista iwe upande wa chini wa koili, ili kathodi hiyo iwe ndiyo sifuri ya kila kitu.

Na kabla ya hayo yote, funga resista ya kilo-omu 47, wati 5, moja kwa moja kwenye ncha za kapasita, isiyo na swichi yoyote. Itakula wati 3.4 muda wote ukiwa umechaji, na ukizima itashusha volti 400 hadi chini ya 50 kwa sekunde 47. Juli 38 kwenye volti 400 zinaweza kusimamisha moyo. Subiri dakika mbili, pima kwa mita, kisha ndipo uguse.